Kufanya Kazi za Sanaa na Mashoga Zako: Mwongozo kwa Wanawake wa Unguja na Pemba

Sisi tuko watano, na kwa miaka 9 sasa tumekuwa tukifanya kazi pamoja katika ua wa nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Unguja. Mmoja wetu ni msusi wa ukili, yaani ule mkanda wa ukindu unaounganishwa ukawa kapu au mkeka, naye alizaliwa Makunduchi na kuolewa mjini. Mwengine hushona kofia za viua. Wa tatu ni fundi cherehani. Wa nne hutunga mashairi ya harusi na nyimbo za taarab. Na mimi ni mchora hina. Wanawake vijana wameniuliza mara nyingi tunafanyaje mpaka leo hatujagombana tukaachana, na kila nikijibu kwa mdomo naona nimesahau nusu ya mambo. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika kwa urefu. Jambo la msingi ni moja: kazi ya shoga yako, yaani mwanamke rafiki yako, ihesabiwe kuwa ni kazi, kwa saa zake na kwa bei yake, hata pale anapokufanyia wewe. Mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana na hilo.

Nani akae na nani

Msianze na watu wengi. Watano wanatosha, saba si vibaya, lakini mkifika 15 mtakuwa mmeanzisha chama, na chama kina katiba, viongozi na usajili wake serikalini. Hicho ni kitu chema, ila sicho ninachokieleza hapa. Nazungumzia watu wanaoweza kukaa juu ya mkeka mmoja na kila mmoja akauona uso wa mwenzake.

Chagueni watu ambao kazi zao ni tofauti lakini hukutana. Wachora hina watano katika ua mmoja watamgombania bibi harusi mmoja, na urafiki hautafika mbali. Lakini angalieni harusi moja tu ya kwetu inavyohitaji mikono: bwana harusi anataka kofia, bibi harusi anataka hina, ndugu na mashoga wanataka nguo za sare zishonwe, vikuba vya asumini vinataka kutungwa, na usiku wa shughuli unataka shairi la kuwapongeza wazee. Mshitiri anayemjia mmoja wetu kwa jambo moja huondoka akijua kuwa manne mengine yanapatikana papo hapo.

Wala si lazima kila mtu ashike fani moja tu. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa sauti yake, alikuwa pia akitengeneza hina na wanja na akiwafunda wari katika unyago. Fani moja ilipolala, nyengine ilimlisha. Kwetu mshona kofia ndiye anayetunga vikuba, na mtunzi wetu huandika barua na risiti za kikundi kizima.

Kabla ya kumkaribisha mtu, jiulizeni mambo mawili: je, hutimiza ahadi, na je, anajua kunyamaza? La pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mchora hina na mshoni huingia vyumbani mwa watu, wakaona mahari imechelewa, wakasikia mama wa bibi harusi akilia, wakajua nani hakualikwa na kwa nini. Anayeyatoa hayo nje anawafungia milango wenzake wote wanne.

Saa za kazi

Kwa mwanamke anayefanyia kazi nyumbani, uhaba wa wateja si tatizo kubwa kama dhana ya watu kwamba yeye yupo tu. Anayekwenda ofisini huaga akaondoka, na hakuna anayemfuata. Anayesuka ukili uani hutumwa dukani, huachiwa mtoto wa jirani, huombwa akaangalie chungu, na jioni huulizwa kwa nini kapu halijesha. Kwa hivyo wekeni saa, na mzitangaze. Zetu ni Jumatatu, Jumanne na Alkhamisi, kuanzia saa 3 asubuhi watoto wakishakuwa skuli mpaka adhana ya adhuhuri. Tunaswali, tunakula, kisha wanaoweza huendelea mpaka alasiri. Ijumaa hatukutani kabisa.

Kila mmoja awaambie watu wa nyumbani kwake kwa kinywa chake mwenyewe, wala asimtume mwenzake amsemee. Mimi nilimwambia mama mkwe wangu hivi: "Mama, siku hizi tatu nihesabu kuwa niko kazini, nikirudi mimi ni wako." Alinyamaza, kisha akaniuliza kazi yenyewe inaleta shilingi ngapi. Nikamwonesha daftari, ukurasa kwa ukurasa, naye akalishika akalisogeza karibu na macho akasoma. Tangu siku ile yeye ndiye anayewajibu wageni mlangoni kuwa nimekwenda kazini.

Kupika nako kuwe na utaratibu. Zamani kila mmoja wetu alikuwa akikimbia nyumbani saa 5 kuinjika wali, na asubuhi yote ikakatika vipande. Sasa tunapika pamoja kwa zamu, na mwenye zamu hahesabiwi kuwa amekosa kazi: muda wake unaandikwa katika daftari sawasawa na muda wa anayeshona. Tulibishana sana kabla ya kukubaliana juu ya hili, na naamini ndilo lililotuokoa, kwa sababu bila hivyo mzigo wa jikoni ungemwangukia yule yule mpole kila siku.

Mambo madogo nayo yapangwe. Umeme wa cherehani ununuliwe kwa fedha za kikundi, si za mwenye nyumba peke yake. Na mazungumzo yasikatazwe, maana mikono ya msusi haihitaji kimya. Lakini anayekata kitambaa na anayechora hina asisemeshwe mpaka aweke chini mkasi au kijiti.

Kalenda mbili ukutani

Kazi zetu hufuata kalenda mbili kwa wakati mmoja, na anayeifuata moja tu atajikuta ama hana kazi ama ameelemewa. Ya kwanza ni ya Hijria. Harusi hujaa Shaabani, kabla ya mwezi mtukufu, na tena Mfunguo Mosi baada ya Idi. Mfunguo Sita ni mwezi wa maulidi, na hapo ndipo kofia na vikuba vinapotakiwa. Ya pili ni ya miladi, ambayo hufuatwa na wageni: wao huwa wengi kuanzia Juni au Julai mpaka Oktoba, kisha kuanzia Disemba mpaka Februari. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, baadhi ya hoteli hufunga, na maduka ya zawadi ya Mji Mkongwe huwa yanasinzia. Ongezeni hapo Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi wa Julai, tamasha la filamu la ZIFF lililoanza 1998, na Sauti za Busara ambalo tangu 2004 limekuwa likikusanya watu mwezi wa Februari.

Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko wa miladi, kalenda hizi hazikutani mahali pamoja miaka miwili mfululizo. Kuna miaka Ramadhani huangukia masika, na wanawake wakafunga na kushona nguo za Idi pasi na bughudha ya wageni. Na kuna miaka huangukia Februari, wakati wageni nao wamejaa. Chukueni karatasi kubwa kila mwanzo wa mwaka, mchore miezi ya miladi juu na ya Hijria chini yake, kisha kila mmoja aandike kwa rangi yake kazi anazozitarajia. Mkiona rangi nne zimerundikana katika wiki moja, hapo ndipo pa kukataa oda mapema. Sisi tumejiwekea mpaka: baada ya Ramadhani 15 hapokelewi mshitiri mpya wa nguo za Idi, hata awe ndugu.

Msusi ana kalenda ya tatu, nayo ni ya jua. Ukindu hukatwa, ukaanikwa, ukachanwa, ndipo ukachemshwa na rangi. Na ukindu ulioanikwa wakati wa mvua hushika kuvu, ukawa na madoa meusi ambayo rangi yoyote haiyafichi. Basi mwenzetu hununua na kuanika wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hukamilisha kuchemsha rangi kabla mvua kubwa hazijaanza, halafu masika yote hukaa ndani akisuka. Tuliobaki tumejifunza kumpa mkopo kutoka mfuko wa kikundi mwezi wa Januari, kwa sababu yeye hutoa fedha miezi mitano kabla ya kuziona zikirudi.

Bei ya kapu moja

Hapa naomba msomaji achukue kalamu. Wanawake wengi huweka bei kwa kumtazama mshitiri usoni, au kwa kuuliza jirani anauza ngapi, na jirani naye alimuuliza mwengine. Tuchukue mfano wa kapu la kati lenye bitana na zipu, na tarakimu hizi kila mmoja azibadilishe kwa bei za sokoni kwake.

Kapu hilo linakula pima 4 za ukili wa upana wa vidole vinne, na pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Vitu vyake ni ukindu wa shilingi 3,000, rangi ya 1,000, mkaa wa kuchemshia wa 500, kitambaa cha bitana cha 2,500, uzi na zipu 1,500, na nauli 1,500. Jumla ni 10,000. Sasa njooni kwenye muda, ambao ndio watu wanausahau: kuchana na kuchemsha ukindu, saa 2, kusuka, saa 8, yaani saa 2 kwa kila pima, kuunganisha ukili kwa shazia, yaani sindano kubwa ya kushonea ukili, mpaka kapu lisimame, saa 3, kukata na kutia bitana, saa 2. Jumla ni saa 15.

Kabla hatujaanza kuhesabu, mwenzetu alikuwa akiliuza kapu kama hilo kwa shilingi 15,000 na akishukuru. Toa 10,000 za vitu, zinabaki 5,000. Zigawe kwa saa 15, unapata shilingi 333 kwa saa. Nakumbuka siku tuliyoifanya hesabu hiyo. Alikuwa na shazia mkononi, imepita nusu katika ukingo wa kapu, akaiacha hapo hapo akatutazama. Alisema: "Kumbe nimekuwa nikiwalipa washitiri wanichukulie kapu." Hatukuwa na la kumjibu.

Tulikubaliana ujira wa shilingi 1,500 kwa saa kwa kazi yoyote ya kikundi, awe anasuka, anashona au anapika. Saa 15 ni 22,500. Ukijumlisha na 10,000 za vitu unapata 32,500; ukiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya mfuko wa kikundi, unafika 35,750, nasi tunaliuza kwa 36,000. Katika ujira huo, 19,500 ni za msusi na 3,000 ni za fundi cherehani aliyetia bitana, na kila mmoja hupokea yake siku kapu linapouzwa. Wapo wanaopunguziwa bei, lakini punguzo hutoka katika ile sehemu ya kumi na kamwe haligusi ujira. Kapu likikataa kutoka kwa bei hiyo, tunabadilisha kapu: tunapunguza rangi, tunaacha bitana, tunalifanya dogo. Hatupunguzi saa za mtu kwa kalamu.

Kofia ina ugumu wake. Kitambaa cheupe huchorwa kwa penseli, kisha kila kitundu hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi, kimoja kimoja, mpaka kiua kitimie. Mwenzetu akishona saa 2 kila siku kwa siku 60, hiyo ni saa 120, na kwa ujira wetu ni shilingi 180,000 kabla ya kitambaa na uzi. Watu hushtuka. Lakini msijaribu kushindana na kofia za mashine zinazouzwa Darajani, maana mashine haichoki macho. Kofia ya mkono iuzwe kwa aliyeiagiza, aliyechagua kiua chake, na aliyekubali kuisubiri. Wapo, hasa wanaooa na wanaowaozesha watoto wao, na mmoja huleta mwengine.

Maneno nayo yana bei

Mtunzi wetu ndiye aliyeteseka kuliko sote, kwa sababu watu huamini kuwa maneno hayana gharama. Mtu ambaye hawezi kumwambia fundi "nishonee bure" humwambia mtunzi "nitungie tu beti mbili tatu". Ubeti mmoja wa tarbia una mishororo 4, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane, na vina viwili vya kulinda katika kila mshororo. Beti sita ni mizani 384, na ndani yake yatajwe majina ya wazee wa pande mbili bila ya kumtanguliza asiyestahiki wala kumsahau mwenye haki. Ameshawahi kukesha usiku mzima kwa jina moja la babu ambalo halikukubali kuingia katika kina.

Ushauri wangu ni kwamba mashairi yasiuzwe kwa ubeti bali kwa shughuli, na bei itajwe kabla ya majina kuletwa. Mtunzi apewe majina yote kwa maandishi, na mabadiliko yaruhusiwe mara moja tu. Akilighani yeye mwenyewe ukumbini, huo ni ujira wa pili, kwa sababu kutunga ni kazi na kughani ni kazi nyengine. Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili akiwa na wapigaji wake. Sauti na maneno vilikuwa ni kazi miongo mingi kabla yetu, na anayedai ujira wake leo hakuanzisha jambo geni.

Hina, piko na ngozi ya mtu

Katika kazi yangu nitasema jambo moja kwa ukali. Hina safi hutokana na majani yaliyokaushwa, yakasagwa na kuchungwa kwa kitambaa chepesi, yakakorogwa kwa ndimu na kuachwa yalale mpaka yatoe rangi. Ukiibandua huwa ya chungwa, kisha ndani ya siku moja au mbili huiva ikawa nyekundu ya kahawia. Hina safi haiwi nyeusi. Kinachotoa weusi ndani ya muda mfupi ni piko lililochanganywa na rangi ya nywele, na ndani ya rangi hizo mara nyingi mna kemikali iitwayo PPD, ambayo ikiwekwa juu ya ngozi inaweza kuunguza, kutoa malengelenge na kuacha kovu. Na mtu ikishamkataa mara moja, huweza kumkataa kwa ukali zaidi kila atakapopaka tena rangi ya aina hiyo, hata kichwani.

Nimelichora piko kwa miaka mingi. Kisha akarudi mshitiri wangu mmoja, msichana niliyemchora mkono wa kulia kuanzia kidole cha shahada mpaka kifundo, na ua lile lile nililolichora lilikuwa limesimama juu ya ngozi yake kama limefinyangwa: kila jani lengelenge, kila kikonyo lengelenge. Nilikwenda naye hospitali, nikalipa dawa, na nikaomba radhi kwa mama yake. Wiki ile nilikaa na wenzangu na tukakubaliana kuwa ua wetu hautoi piko la kuchora ngozini, si kwa mtoto, si kwa mgeni, si kwa bibi harusi. Tulipoteza kazi. Mkiingia katika fani hii, lianzeni neno hilo mapema, kabla hamjawa na washitiri wa kuwapoteza, na mweleze kila anayekuja kwa nini hina yenu si nyeusi. Anayetaka rangi iliyokoza zaidi aiache hina mkononi usiku kucha, na asiguse maji mpaka asubuhi.

Usiku wa kuamkia Idi andikeni majina kwa saa, watu sita kwa kila mchoraji na basi. Baada ya mkono wa sita mstari unaanza kutetemeka, na anayekuja wa saba anastahiki mstari ulionyooka kama wa kwanza.

Arubuni, mali kauli na daftari

Pokeeni arubuni kwa kila oda, nusu ya bei, na ndani yake mnunue vitu vya kazi. Asiyetoa arubuni hajaagiza, amezungumza tu. Ndugu na majirani nao watoe, na hili lisemwe kwa upole lakini lisibadilike. Nasi kwa sisi tunalipana vivyo hivyo: fundi akinishonea nguo ya mwanangu namlipa bei kamili, naye akitaka hina ya harusi ya mdogo wake ananilipa bei kamili. Anayetaka kumtunza mwenzake ampe zawadi baadaye kwa mkono wake, kwa kuwa zawadi ni hiari na ujira ni haki, na vikichanganywa hakuna anayejua tena anadai nini.

Kuhusu mali kauli, yaani kuacha vitu dukani mpaka viuzwe ndipo mlipwe, sisi tumeumia. Duka moja la zawadi lililo ndani ya hoteli, upande wa pwani ya mashariki, lilichukua makapu yetu 40 kwa maneno matupu. Tulipoyafuata baada ya miezi sita, 11 tulirudishiwa yameshika kuvu, tukalipwa 9, na 20 hayakuwa na maelezo. Hatukuwa na karatasi ya kuonesha. Siku hizi hatuachi zaidi ya makapu 10 kwa mahali pamoja, kwa siku 30, na orodha yenye bei hutiwa saini na pande mbili kabla kapu halijashuka garini. Mwenye duka mwaminifu hakasiriki kutakiwa saini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu lina safu tano: tarehe, kazi, nani, saa ngapi, na kiasi gani. Huandikwa siku hiyo hiyo, kabla ya watu kutawanyika, na husomwa kwa sauti kila Alkhamisi ili hata asiyependa kusoma awe shahidi. Mfuko wa kikundi na upatu visikae pamoja. Upatu ni fedha ya mtu binafsi inayozunguka. Mfuko ni wa kazi, na huo ndio unaonunua ukindu Januari na sindano za cherehani zikivunjika. Mtu akiwa na shida ya nyumbani akopeshwe kutoka mfukoni kwa wenzake wakipenda, si kutoka mfuko wa kazi.

Mkitaka kutumia jina la biashara, usajili wake Zanzibar hufanywa na BPRA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na kwa mambo mengi ya karatasi safari huanzia kwa sheha wa shehia yenu, basi jengeni mazoea mema naye tangu mapema.

Picha na michoro

Msitangaze picha ya mwanamke bila ya ruhusa yake, hata kama mnachoonesha ni mkono tu. Mkono unajulikana kwa pete, na bibi harusi hujulikana kwa hina. Sisi huuliza mara mbili: siku ya kazi, na tena baada ya wiki, kwa sababu anayekubali katika furaha ya harusi huenda akajuta akishatulia, au mume akawa na neno. Kwa matangazo ya kawaida tunachorana wenyewe kwa wenyewe, tukapiga picha karibu na dirisha saa 4 asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Michoro na mashairi yawekwe kumbukumbu: mchoro wa kila kofia na kila shairi lina nakala, tarehe na jina la aliyelitunga. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na ni rahisi zaidi kudai kilicho chako ukiwa na karatasi yenye tarehe. Lakini viua vya zamani ambavyo bibi zetu walivishona ni vya wote. Msivifungie, na mwanafunzi akija afundishwe.

Mkigombana

Mtagombana, mara nyingi kwa sababu ya mshitiri aliyehama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwengine au kwa neno lililopelekwa. Lizungumzeni wawili kabla ya kulileta kwenye mkeka, na lisivuke Alkhamisi. Mtu akitaka kutoka, apigiwe hesabu yake siku hiyo hiyo na apewe chake chote, pamoja na sehemu yake ya mfuko. Mmoja alitutoka mwaka wa tatu. Tulimlipa mpaka shilingi ya mwisho, na leo ndiye anayetuuzia rangi.

Kikao cha kwanza

Mkiwa tayari kuanza, kutaneni asubuhi moja bila ya kazi. Kila mmoja aje na kitu kimoja alichokimaliza kwa mkono wake, na kiwekwe katikati ya mkeka. Wengine waandike kwenye vikaratasi, bila ya kuoneshana, kitu hicho kimechukua muda wa saa ngapi kwa wanavyodhani. Kisha mwenyewe aseme muda wake wa kweli, hatua kwa hatua, tangu kununua vitu mpaka kukata uzi wa mwisho. Kwetu hakuna hata mmoja aliyekisia nusu ya muda wa kofia. Mkishasikia muda wa kila kitu, ndipo mjadiliane ujira wa saa moja, na msiinuke mpaka mmekubaliana juu ya tarakimu moja. Iandikeni katika ukurasa wa mwanzo wa daftari, na vile vikaratasi vibandikwe ndani ya jalada lake.